Soketi ya Verlin

Harufu ndiyo iliyofika kwanza, harufu ya plastiki na ya vumbi la miaka mingi likiungua ndani ya kitu kilichofungwa. Kisha ukasikika mlio kutoka ndani ya trela, kama mtu aliyekanyaga bati, na mwingine mdogo nyuma yake. Halafu kimya. Kaka yangu Verlin alikuwa amesimama mlangoni mwa trela lake la kuishi, mrija wa oksijeni puani, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, akinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ghafla akiwa usingizini.

"Arlys," alisema. "Zima."

Nilikimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti yangu yalikuwa magoti ya mpishi wa shule, yaliyokwisha liwa na sakafu ya saruji, lakini nilikimbia hadi kwenye boksi la umeme ukutani nikaiangusha breka, ile swichi ya kukata umeme niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kingazi cha chuma. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka dirishani juu ya kichwa chake, naye anahamisha mrija kutoka kwenye mashine yake ya oksijeni kwenda kwenye mtungi mdogo wa akiba, polepole.

"Trela limezeeka," alisema. "Kama mimi tu. Usilie, we."

"Silii."

"Basi pua yako inavuja bure."

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Novemba, saa saba mchana. Bado nilikuwa nimevaa gauni la kanisani chini ya koti la kazi.

Nyumba yetu iko mwisho wa mtaa, pale mji wetu mdogo wa Nebraska unapokoma na mashamba ya mahindi yanapoanza. Tulizaliwa humo wote wawili. Mimi nimebaki humo. Verlin aliondoka akiwa kijana, akafanya kazi ya reli huko Wyoming, na tangu mwaka 1975 hakuwa amelala ndani ya nyumba hiyo hata usiku mmoja.

Sababu yake ni mimi. Mwaka ule mama yetu aliugua mwezi wa pili, akakaa kitandani siku kumi na moja. Baba alisema, "Usimsumbue Verlin, ana kazi." Simu ilikuwa jikoni, ukutani, kando ya kalenda. Nilipita mbele yake kila siku na maji ya moto, na uji, na mashuka, na sikuinua mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa mtu mzima. Nilimpigia Verlin siku mama alipokata roho, na alipofika jeneza lilikuwa limekwisha fungwa. Alisimama jikoni, akaitazama simu, akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema hatalala tena chini ya paa lile. Baba alipokufa, Verlin alikuja mazishini akalala ndani ya gari lake, mbele ya uwanja wetu, kwenye theluji.

Miaka ikapita. Alimwoa Twila, mwanamke mcheshi aliyemfundisha kucheka, na walipostaafu waliuza nyumba yao wakanunua trela la kuishi, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari. Wakawa kama nusu ya wazee wa huku: majira ya baridi wako jangwani Arizona, majira ya joto wako popote. Twila akafariki. Mapafu ya Verlin nayo yakaanza kukataa. Daktari alimtaka awe karibu na mtu wa kumtazama, na mtu huyo hakuwa mwingine ila mimi.

"Nitakuja," aliniambia kwenye simu. "Ila nitalala kwenye kitu changu. Wewe nipe umeme tu."

Vuli ya kwanza nilimpa kwa waya mrefu wa kuunganishia, kutoka kwenye soketi ya banda la gari. Akiwasha hita yake ya umeme, friza langu linazimika. Akizima hita, anakohoa hadi machozi. Theluji ya kwanza ilipoanguka, asubuhi nilikuta mstari mweusi uwanjani, kutoka banda hadi trela. Ule waya ulikuwa umepata moto hadi ukayeyusha theluji iliyoulalia. Niliuangalia ule mstari nikajua kwamba mwaka mwingine hivi, mmoja wetu ataungua. Verlin alijua pia. Aliliunga trela kwenye gari lake akaenda zake kusini kabla ya Krismasi, na mwezi wa tatu nikapigiwa simu kutoka hospitali ya huko. Alikuwa ameokotwa na jirani.

Ndipo nikaamua kujifunza.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita. Cheti cha sekondari nilikipata nikiwa na hamsini na mitano, kwa madarasa ya jioni, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa kupiga magoti kwenye maegesho ya magari, watu wanapita. Kwa hiyo kurudi darasani hakukunitisha. Chuo cha wilaya kilikuwa na kozi ya umeme wa majumbani, Jumatatu na Jumatano, saa kumi na mbili hadi saa tatu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kwenda kukanda unga wa mikate ya mdalasini ya watoto wa shule, na jioni naketi kati ya vijana wenye nusu ya umri wangu, mikono yangu bado inanukia mdalasini.

"Bi mkubwa," aliniambia mmoja wao siku ya kwanza, nilipokwisha kueleza kilichonileta, "ukimaliza kumwombea kaka yako, utuombee na mtihani."

"Kwanza usome. Mungu hasahihishi karatasi tupu."

Walicheka, na tangu hapo wakawa wananiwekea kiti cha mbele.

Mwalimu wetu aliitwa Prochazka. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na aliniita bibi mwanafunzi. Alinifundisha kwamba waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, wa kurudishia umeme, ule mtupu unakwenda ardhini. Alinifundisha soketi ya jiko na soketi ya mashine ya kukausha nguo: breka pacha, moto pande mbili, na ukiufanya waya mweupe ubebe moto, uufunge utepe mweusi kwenye ncha zote mbili ili anayekuja baada yako asife. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Nilijua jambo moja vizuri sana.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi sikwenda darasani. Jumatano jioni kanisani kwetu ni ibada ya maombi, nami nilikuwa nimeikosa wiki sita mfululizo kwa ajili ya chuo. Moyo ulinishitaki. Nilikwenda, nikasimama mbele ya watu kumi na wanne, nikaomba kama nilivyoomba kila siku kwa miaka thelathini na mitatu: Bwana, mwingize kaka yangu ndani ya nyumba. Jumatatu iliyofuata sikuuliza somo nililolikosa lilihusu nini. Nilidhani nitalikuta kitabuni.

Kibali nilikipata kwa jina langu, maana huku mwenye nyumba anaruhusiwa kufunga umeme wake mwenyewe mradi mkaguzi aje auone. Watu wa kampuni za mabomba na nyaya walikuja wakapiga rangi kwenye majani kuonyesha pasipochimbwa. Kisha nikachimba. Hatua ishirini na tano kutoka ukutani hadi mahali pa trela, kina cha kupita goti langu, jioni tisa kwa sepeto, na udongo wa huku ukikauka ni kama tofali. Jioni nyingine nilichimba hatua moja tu, nikaketi ukingoni, miguu mtaroni, nikashindwa hata kuomba. Nilikuwa nasema "Bwana," halafu nanyamaza. Nadhani alielewa.

Nililaza kebo, nikasimamisha nguzo, nikafunga soketi. Soketi ya trela la Verlin ilikuwa ya ampea thelathini, matundu matatu. Soketi ya mashine yangu ya kukausha nguo ni ya ampea thelathini, matundu matatu. Nikafunga breka pacha. Nikauzungushia waya mweupe utepe mweusi, kwa uangalifu, ncha zote mbili.

Mkaguzi alikuwa aje Jumanne. Verlin alifika Jumapili, siku mbili kabla ya siku tuliyopatana, akanikuta nashuka garini kutoka kanisani.

"Redio inasema leo itashuka hadi nyuzi kumi na tano chini ya sifuri," alisema. "Mkaguzi wako amesema nini?"

"Bado. Anakuja Jumanne."

"Na baridi inakuja leo."

Nilichukua mita nikaenda kwenye nguzo. Nilisoma volti mia mbili na arobaini na moja. Ilikuwa namba ileile ninayoipata kwenye soketi ya kukaushia nguo, nami nikafurahi. Nilimwonyesha Verlin, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjukuu wa mwenzake. Nikachomeka.

*

Mashine ya oksijeni iliungua. Kile kifaa kinachochaji betri za trela kiliungua, na bila betri, hita ya gesi haina kitu cha kuzungusha feni yake. Mtungi wa akiba ulikuwa wa kutosha saa nne tu. Verlin alikaa kwenye kile kingazi hadi midomo yake ikaanza kubadilika rangi, kisha akainuka, akavuka uwanja, akaingia kupitia mlango wa jikoni.

Watu wa oksijeni walileta mashine nyingine kabla ya jua kuzama. Nilimtandikia chumba chake cha zamani. Hakukitazama. Alilala kwenye kiti cha baba sebuleni, viatu miguuni, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri treni. Siku ya pili alivua kofia. Siku ya tatu viatu. Alfajiri nilipoamka kwenda kazini nilisikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba yangu, na nilimshukuru Mungu kwa kikohozi.

Mkaguzi alikuja Jumanne mchana. Aliitwa Ostrander, mtu mrefu mwenye masharubu, mpole. Alifungua soketi, akautazama utepe wangu mweusi, akaguna.

"Kazi safi," alisema. "Mtaro safi. Nani alikuambia uweke breka pacha?"

"Hakuna. Ni ya thelathini."

"Ndiyo, mama. Lakini hii ni soketi ya trela. Inataka volti mia moja na ishirini. Moto mmoja na nyutro. Wewe umeipa mara mbili yake." Alinitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kukemewa. "Watu wanaona thelathini, wanaona matundu matatu, wanadhani ni ya kukaushia nguo. Hata mafundi wenye vyeti wanafanya hivyo. Wewe ni wa nne mwaka huu."

Nilitazama dirishani nikaona kichwa cha Verlin kwenye kiti cha baba, kimeinama, amesinzia.

"Mimi naandika kwamba hapa parekebishwe kabla ya kuwashwa," Ostrander alisema. "Mengine ni yako na mwenye trela."

Alipoondoka nilibaki nje hadi vidole vikafa ganzi. Verlin aliamini trela lake limeoza lenyewe. Alikuwa amekwisha nisimulia mara mbili jinsi panya walivyokuwa wakitafuna nyaya zake huko Arizona. Kama ningenyamaza, angekaa. Baridi ilikuwa imeingia, kifaa cha betri kilikuwa cha kuagizwa, na kila siku inayopita ingemfanya avue kitu kimoja zaidi. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji tu kupita, kama nilivyoipita simu.

Jumatano nilikwenda kwenye maombi. Sikwenda darasani jioni ile; nilikuwa nimempigia Prochazka kumwambia naumwa. Watu walikuwa wamekwisha kusikia.

"Yuko ndani!" alisema mama mmoja wa kwaya, akinishika mikono yote miwili. "Umeona, Arlys? Miaka yote hiyo. Sema amina basi."

Nilifungua kinywa. Amina haikutoka. Nilisema nina mafua.

Alhamisi shuleni ni siku ya supu ya nyama na maharage yenye pilipili pamoja na mikate ya mdalasini, chakula ambacho watoto wa huku wote wanakitumbukiza kimoja ndani ya kingine. Nilileta nyumbani bakuli mbili. Verlin alikula vizuri. Alikuwa amevaa soksi tu. Mashine ilikuwa inavuta pumzi kando yake, na jua la saa tisa lilikuwa mezani, juu ya makombo.

"Kaka," nilisema. "Trela halikuoza. Ni mimi."

Aliendelea kutafuna.

"Niliweka umeme mara mbili ya unaotakiwa. Mkaguzi aliniambia Jumanne. Leo ni Alhamisi."

Aliweka kijiko chini. Alinitazama, nami nikaona akihesabu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na nikajua hesabu nyingine iliyo nyuma ya hiyo, ile ya siku kumi na moja.

"Ulifanya makusudi?"

"Hapana."

"Niambie vizuri, Arlys."

"Sikufanya makusudi. Nilikosa somo, nikadhani najua. Ila nilikuwa nimeomba uingie ndani. Miaka thelathini na mitatu naomba hivyo. Sasa sijui nikueleze vipi."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua dakika nzima. Alipopata pumzi alisema, "Basi huyo unayemwomba, mwambie siku nyingine apige simu kwanza."

Nililipokea hilo. Nilistahili.

"Jumamosi naondoka," alisema. "Kusini. Nitabeba mitungi."

"Utafia njiani."

"Pengine." Alivaa viatu vyake, kimoja, akapumzika, kisha cha pili.

Nilikwenda nje nikampigia Prochazka, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bibi mwanafunzi," alisema, "Jumatano ile ya mwezi wa kumi ulikuwa wapi? Nilifundisha soketi za matrela jioni nzima. Nilipiga meza."

"Nilikuwa kanisani."

"Mh. Basi Mungu alilijua somo, na mimi nililijua, ukabaki wewe tu. Nije nikufungie?"

"Hapana, mwalimu. Niache nifunge mwenyewe."

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, mara ya kwanza baada ya miaka minane. Verlin alipohamia kwenye mtungi, nilizima umeme wa nyumba nzima. Nilitoa breka pacha nikaweka ya moto mmoja. Nilibandua utepe mweusi kwenye waya mweupe, na gundi yake ilikataa kutoka, nikaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi waya ukawa mweupe kabisa. Niliupeleka mahali pake. Mikono ilikuwa inauma hadi kwenye viwiko. Nilipima mara nne: mia moja na ishirini, mia moja na ishirini, mia moja kumi na tisa, mia moja na ishirini. Ostrander alikuja saa tisa, akatia sahihi yake na kubandika karatasi ya kijani. Nikaendesha gari saa moja kwenda na saa moja kurudi, hadi duka la vifaa vya matrela lililobahatika kuwa nacho kile kifaa cha betri, nikakiweka kwenye kingazi cha Verlin, ndani ya boksi lake, bila kumwita.

Jumamosi asubuhi nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni mwa trela, miguu nje ya mlango, mrija unamfuata, anakifunga kifaa kile mwenyewe. Gari lake lilikuwa limekwisha ungwa kwenye trela, minyororo imefungwa, mitungi sita imepangwa kiti cha nyuma. Sikutoka. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Sikumwomba Mungu amzuie. Nilishindwa kujua nimwombe nini, nikamwachia.

Saa nane mchana aliniita, sauti ya mtu anayemwita fundi.

"Arlys! Njoo na hiyo mita yako."

Nilikwenda. Jua lilikuwa kali, halina joto. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, plagi nene ya trela mkononi, anahema. Mashine yake mpya ilikuwa ndani ya trela, ikisubiri umeme, naye alikuwa kwenye mtungi.

"Kazi ya betri nimeimaliza," alisema. "Sitaki kuondoka na kitu ambacho sijui kama kinafanya kazi."

Niliingiza ncha za mita kwenye matundu, nikamnyooshea aione. "Soma mwenyewe, kaka. Usinisikilize mimi."

Hakuitazama. Alinitazama mikono, kucha zilizovunjika kwa sepeto, na alama nyeusi za gundi ya utepe ambazo mafuta ya taa hayakuzitoa.

"Nikiisoma mimi itabadilika?"

"Haitabadilika."

"Basi chomeka wewe. Mimi nikiinama siinuki."

Alinipa plagi. Ilikuwa na joto la kiganja chake. Nilipiga goti kwenye majani makavu, nikaisukuma, na sikufumba macho. Kule ndani mashine ililia mara moja, mlio mfupi wa kawaida, halafu ikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa.

Tulisikiliza. Lori la mahindi lilipita barabarani, dereva akainua vidole viwili kwenye usukani kutusalimu, Verlin naye akainua viwili.

"Supu ile imebaki?" aliuliza.

"Imebaki."

Akaniacha pale nimepiga goti, akaenda mbele ya trela, akainamia kile kiungo kinachoshika gari, yeye aliyesema akiinama hainuki, akaanza kufungua minyororo. Alipumzika baada ya ule wa kwanza, mkono mgongoni mwa gari. Sikwenda kumsaidia. Hakuniomba. Nilibaki nikiisikiliza sauti ya chuma, pete moja baada ya nyingine, ikianguka kwenye changarawe.